Niliyoyalipia kwa Camaro ya 1968

Watu wanaoikuta Camaro yangu, gari la Chevrolet la mwaka 1968, kwenye vituo vya mafuta hapa Columbus, Ohio, huuliza injini. Sijapata hata mmoja aliyeuliza sakafu. Sakafu ndiyo iliyokula fedha zangu, ikala usingizi wangu, na nusura ile ndoa yangu. Gari limenichukua miaka minne kasoro miezi miwili na dola 64,100. Siku naanza nilikuwa nimeandika kwenye daftari dola 30,000 na mwaka mmoja na nusu. Risiti zote ninazo na nimezijumlisha mara tatu. Naandika kwa sababu hazipiti wiki mbili bila ndugu, wa huku au wa nyumbani, kunitumia picha ya Mustang au Chevelle iliyozama kwenye majani na kuniuliza kama bei inafaa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia gereji ya mjomba, nikimshikia tochi chini ya Land Rover na Peugeot 404, kwa hiyo spana si ngeni mkononi mwangu. Huku nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Kila Julai viwanja vya Ohio Expo Center hujaa magari ya zamani kwa maelfu katika maonyesho ya Goodguys, na mwaka wa kwanza nilipokwenda nilisimama mbele ya Camaro moja karibu saa nzima. Sura yake ilikuwa ile ile ya miaka ya 60. Ukiinama unaona diski kubwa za breki, springi mpya, injini inayoongozwa na kompyuta. Ndani kiyoyozi kinavuma. Mwenyewe alizungusha ufunguo, ikaitika mara moja, akaondoka nayo kama anakwenda sokoni. Katika mtindo huu jina linalotajwa sana ni la Mark Stielow, mhandisi aliyefanya kazi General Motors, kwa Camaro zake zinazokata kona kama magari ya mashindano. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu nimeona gari. Akasema, "Baba watoto, gari unalo."

Nilinunua Novemba, jioni, mvua ikinyunya. Hayo matatu yalitosha kuniponza, maana rangi iliyolowa hung'aa hata kama chini yake pameoza. Muuzaji alitaka 16,000 akidai ni SS, lile toleo la nguvu, na kweli nembo za SS zilikuwa mbele, nyuma na kwenye usukani. Hapo angalau nilikuwa nimejiandaa. Magari ya 1968 namba yake ya chesisi husomeka kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva. Hii ilianza na 123378N. Moja ni Chevrolet. Hiyo 23 maana yake Camaro iliyotoka kiwandani na silinda sita. Ingekuwa V8, yaani silinda nane, ingesoma 24. Tena 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa la bati, 8 ni mwaka, na N ni kiwanda cha Norwood, pale ubavuni mwa Cincinnati. SS haikutoka na silinda sita. Nilimwonyesha, akanyamaza kidogo, bei ikashuka hadi 13,500. Moyo wangu nao ukatulia: gari la kawaida, injini yake ya asili ilishapotea zamani, ukilikata hujaharibu kumbukumbu ya mtu. Lingekuwa SS halisi nisingethubutu kulipelekea grenda.

Nilichosahau ni sumaku. Sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji, iviringishe kwenye kitambaa uipitishe chini ya milango, nyuma ya matairi, kwenye pembe za kioo cha nyuma. Panaposhika ni bati, panapoteleza ni puti, ule ujiuji mgumu wa kuzibia mashimo. Paa la gari hili lilikuwa limevikwa ngozi bandia nyeusi, fasheni ya enzi zile, nami nikaliona pambo. Kumbe chini ya ngozi ile maji hukaa miaka. Na lile eneo chini ya kioo cha mbele, hewa inapoingilia, huoza kimya kimya na kuvujisha maji ndani. Mwaga chupa moja ya maji pale, kisha uchungulie miguuni pa abiria. Mimi nilimwaga chupa hiyo nikiwa nimeshalipa, na zulia likalowa mbele ya macho yangu. Sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyotafuna mabati ya nyumba. Ohio chumvi humwagwa barabarani kila majira ya baridi kuyeyusha barafu, na gari hili limeinywa zaidi ya miaka hamsini. Leo ningeongeza hata dola 6,000 ninunue bodi kavu isiyo na kutu ya Arizona, nilipe na gharama ya kulisafirisha, na bado ningebaki na chenji.

Hati pia. Ohio muuzaji husaini hati ya umiliki mbele ya ofisa wa kuthibitisha sahihi. Tulikwenda wote wawili, tukasaini siku hiyo hiyo. Ukiletewa hati iliyokwisha sainiwa kwingine na mwenye jina hayupo, rudi nyumbani na fedha zako.

Wikiendi mbili za kwanza nilibomoa gari zima. Bolti nilizitia kwenye makopo ya kahawa nikiamini nitakumbuka, kwa vile nilizifungua mwenyewe. Miezi ishirini na sita baadaye, nikirudisha kioo cha mlango wa kushoto, mikono haikukumbuka chochote. Nilitumia majuma manne kwa kioo kimoja. Mfuko wa plastiki, kalamu ya wino usiofutika, picha ya simu kabla ya kufungua na baada ya kufungua. Ni dakika moja kwa kila kifaa, tena unaokoa na fedha, kwa sababu nilinunua upya vitu vingi ambavyo baadaye nilivikuta kwenye makopo yale yale.

Sasa sakafu.

Camaro hizi hazina fremu nzima. Mbele kuna fremu fupi iliyofungwa kwa bolti, na kuanzia ukuta wa injini kurudi nyuma, bodi yenyewe ndiyo inayobeba. Ukitoa sakafu umetoa uti wa mgongo. Nilikuwa nimeyasoma hayo, nikayaelewa, kisha Jumamosi moja nikakata sakafu ya upande wa dereva bila kuchomelea nondo za kushikilia uwazi wa mlango. Nilipouweka mlango kuujaribu, pengo la juu lilikuwa limezidi la chini kwa milimita sita. Bodi ilikuwa imelegea kwa uzito wake yenyewe. Nilikaa kwenye zege nikalia, na sioni haya kulisema. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa mtaa wa pili, Mmarekani aliyestaafu kazi ya kuchomelea. Alikuja na jeki mbili na futi, akaipandisha bodi unywele kwa unywele mpaka pengo likarudi, kisha akachomelea nondo mbili kila mlango, moja ya mlalo na moja ya mshazari. Hakutaka malipo. Alikula pilau kwetu siku ile, na Jumamosi nyingi baadaye. Kwa hiyo kabla grenda haijagusa sakafu, chomelea nondo, pima kona kwa kona pande zote mbili, na vipimo uviandike ukutani ambako hutavipoteza.

Sehemu za nyuma na rangi zilinishinda, nikalipeleka gereji ya bodi. Walitaka dola 9,000 kabla ya kuanza. Nikalipa pale pale, kwa neno la mdomo kwamba miezi mitatu itatosha. Miezi minane ikapita. Kila nilipokwenda lilikuwa kwenye kona ile ile, vumbi limeongezeka, na gari la mteja mwingine limeegeshwa mbele yake. Mwezi huo wa nane mama yangu akalazwa Tanga, ikanibidi nisafiri kesho yake. Sikuwa na nauli. Akiba yangu yote ilikuwa imelala kwenye ile kona. Watanzania wenzangu wa hapa walichanga usiku kucha, nikapanda ndege. Mama alipona, alhamdulillahi. Lakini nilipokaa kando ya kitanda chake, nikijua nimefika pale kwa fedha za watu ilhali zangu nimezifukia kwenye bati, nilijiona nimekosa jambo la msingi kabisa katika utu uzima wangu.

Niliporudi nilimwambia mke wangu naliuza kama lilivyo. Yeye ndiye aliyekataa. "Ukiliuza leo, fedha zimekufa na uchungu unabaki nao. Limalize. Ila mkataba naandika mimi, na fedha nashika mimi."

Aliuandika kwenye karatasi moja. Kazi imegawanywa hatua nne, kila hatua ina tarehe na malipo yake, na malipo hutoka baada ya sisi kwenda kuona kwa macho. Kuna na sentensi kwamba puti isizidi milimita tatu mahali popote. Gereji walisaini bila ubishi, na hatua zote nne ziliisha ndani ya miezi mitano. Bodi na rangi zikafikia dola 21,000, karibu theluthi ya mradi. Tangu siku hiyo fedha za gari zilikaa kwenye akaunti yake, na fedha za dharura hazikuguswa hata kwa mkopo wa siku moja.

Katika kipindi kile cha kungoja bodi nilikuwa nimeshaharibu jambo jingine: nilinunua rimu. Inchi 18, pana inchi 10 za nyuma, nzuri mno. Hazikuingia. Nafasi ya nyuma ya gari hili ni finyu, na kuzipa nafasi ingebidi kukata na kupanua mabati ya ndani yanayofunika matairi. Nikaziuza kwa hasara ya dola 700 na kununua nyembamba. Rimu hununuliwa baada ya breki na springi kuwa mahali pake na gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa kipimo cha rula na si kwa macho.

Nilichokifanya kwa mpangilio sahihi nilikipata kwa mjomba. Nilimpigia kwa video kumwonyesha mahali injini itakapokaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hiyo V8 nimeisikia. Breki zake ziko wapi?"

Nikamwambia kwa sasa ni zile za zamani, dramu miguu yote minne, nitazibadilisha baadaye.

"Aa, hapana. Gari kwanza lisimame, ndipo liende. Usinionyeshe injini mpaka unionyeshe breki."

Nikatii. Diski miguu minne, silinda kubwa ya breki mpya, vali ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, mabomba yote mapya. Nyuma gari lilikuwa na bamba moja tu la springi kila upande, jambo linalofanya difu irukeruke ukikanyaga mafuta kwa nguvu; likatoka. Nikafunga na vyuma vya kuunganisha fremu ya mbele na bodi ya nyuma, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vilivyobadilisha gari hili kuliko kitu kingine chochote. Breki, springi, usukani, rimu na matairi, vyote pamoja dola 9,800.

Injini ilikuwa rahisi. Yadi ya magari chakavu nilipata Tahoe ya 2004, gari kubwa la Chevrolet, iliyogongwa nyuma. V8 ya lita 5.3, bloku ya chuma, nguvu za farasi 295, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki ya gia nne: dola 1,600. Kiwandani Camaro za chini kabisa za 1968 zilitoka na silinda sita ya nguvu 140, na otomatiki yake ilikuwa ya gia mbili. Wapo wanaonunua LS3, V8 nyingine ya General Motors, mpya, ya nguvu 430. Bei yake peke yake ingenirudisha nyuma mwaka mzima, na kwa barabara ninazopita sikuona haja. Ushauri wangu ni mmoja: injini ichukue na kila kinachoning'inia juu yake. Nyaya zote bila kukatwa, kompyuta, vihisio, hata pedali ya mafuta na kisanduku chake, kwa sababu pedali ya Tahoe hiyo ni ya umeme na haina waya wa kuvuta. Kompyuta ipelekwe kwa mtaalamu aondoe kinga ya wizi, la sivyo itawaka sekunde moja na kuzima.

Kisha kila kimoja kinaamsha kingine. Sampu ya Tahoe, lile beseni la oili chini ya injini, inaning'inia chini kupita fremu, ukigonga tuta umeipasua, nikanunua nyingine. Manifodi ya hewa ni ndefu, ikagusa boneti, nikanunua fupi. Mauntingi mapya, ekzosi mpya, propela ikakatwa na kubalansiwa upya. Vya kuiwekea injini vikagharimu dola 2,900 wakati injini na gia ni 1,600. Yeyote anayekupigia hesabu ya injini peke yake hajakupigia hesabu.

Hapa pa mafuta someni polepole, tafadhali. Injini ya kabureta hupata mafuta kwa pampu ya presha ya psi 6 hivi. Hii ya kompyuta inataka psi 58. Nilinunua tangi jipya lenye pampu ndani, vizuri, lakini kwenye kiungo cha mwisho karibu na injini nilifunga kipande cha mpira wa kabureta kilichokuwa kwenye droo, kwa klempu ya kukaza kwa bisibisi, nikijiambia nitakibadilisha wiki ijayo. Siku ya pili ya kuwasha, mwanangu wa kike wa miaka tisa alikuwa amesimama upande ule ule, akinishikia tochi kama nilivyokuwa nikimshikia mjomba. Mpira ukachomoka. Petroli ikaruka hewani, sentimita chache kutoka ekzosi iliyokwisha pata moto. Nilizima, nikambeba mtoto, nikakimbia naye hadi barabarani. Haikuwaka. Sina maelezo ya kwa nini haikuwaka. Mpira wa presha hii una maandishi SAE 30R9 ubavuni. Wa kabureta ni 30R7. Kama huoni maandishi, usiufunge. Nunua na kizima moto kabla ya kununua tone la petroli, kikae mlangoni na si nyuma ya makopo, na mtoto asisimame karibu na injini inayowashwa mara ya kwanza.

Nilikaa majuma matano bila kuligusa gari baada ya hapo.

Umeme ulinichosha kwa namna nyingine. Mita zikawa zinacheza, taa zinafifia nikiwasha feni, kompyuta inatoa makosa yasiyo na kichwa wala miguu. Majuma matatu nilifuata waya mmoja mmoja. Ilikuwa eathi, ule waya unaorudisha umeme kwenye betri. Bodi imepigwa rangi nzuri kila pembe, na nilikuwa nimefunga eathi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwangua hadi chuma king'ae, funga waya mnene kutoka betri hadi injini, injini hadi bodi, bodi hadi fremu, kisha pake grisi juu. Joto nalo lilipanda kila nikikaa kwenye foleni, mpaka mtu akanionyesha kwamba injini za familia hii zina mrija mdogo wa kutoa mvuke juu ya vichwa vya silinda, nao unatakiwa ufike juu ya rejeta. Wangu nilikuwa nimeuziba. Mafuta, upoozaji na nyaya, dola 5,200.

Viti, zulia, dashibodi na kiyoyozi 6,900, na sina la kusema juu yake ila kwamba kiyoyozi si anasa Ohio mwezi wa Julai. Vitu vidogo, bolti, klempu, gundi, mafuta ya breki, vikafika 3,200 bila mimi kuviona vikipita.

Bima chukua ile mnayokubaliana thamani kwa maandishi, wakiona picha na risiti. Bima ya kawaida italihesabu kama gari kuukuu la zaidi ya miaka hamsini. Namba za gari la kihistoria Ohio hutoa kwa gari lililozidi miaka 25, ni nafuu, lakini zinakubana: maonyesho, gwaride, kwenda na kurudi gereji. Mimi nilichukua namba za kawaida kwa sababu nililitengeneza niliendeshe.

Safari yake ya kwanza ndefu niliipeleka Norwood, kilomita kama 170 kwa barabara ya I-71. Kiwanda kilifungwa 1987, na mahali pale sasa pana ofisi na maduka. Niliegesha kivulini, nikafungua boneti, nikakagua viungo vya mafuta kimoja kimoja kwa tochi kama nifanyavyo kila nikisimama, kisha nikampigia mjomba kwa video. Nilianza na injini, akaniambia ngoja, nilaze simu chini ya gari kwanza, iende polepole kutoka mbele mpaka nyuma. Nikalala kwenye lami na shati langu jeupe. Alitazama kimya. Tulipofika nyuma akasema, "Rudi kidogo. Hapo. Hilo tone kwenye sili ya difu umeliona?"

Sikuwa nimeliona.